Moja, Saba, Kumi na Tatu

Skrubu ya nne ilikataa. Tatu za kwanza zilitoka kwa adabu, zikapangwa kwenye kifuniko cha chupa, lakini ya nne ilizunguka palepale bila kupanda, kama mtu anayekuitikia kila neno na hafanyi hata moja. Msusi aliikandamiza bisibisi kwa kiganja, akashusha pumzi, akazungusha taratibu. Ikapanda.

"Umeshaifungua?" mama yake aliuliza kutoka kwenye kiti cha dirishani.

"Bado kidogo, Mama."

"Usiikwaruze. Ndugu yako alikuwa anaifuta kwa shati lake."

"Najua. Hayo mashati nilikuwa nafua mimi."

Mama akacheka puani, uso wake ukielekea kwenye joto la dirisha. Ilikuwa saa mbili na nusu, Jumamosi. Kabla ya saa saba kaka yao mkubwa angefika na begi.

Watu walimwita Msusi kwa sababu alisuka mota. Mota za pampu, za vinu vya kusaga, za feni. Zikiungua zililetwa kwake, akazitoa waya mweusi wote tumboni, akahesabu mizunguko yake, akaanza upya kwa shaba mpya. Wateja wageni walifika karakana wakiuliza saluni iko upande gani. Alishazoea. "Nasuka," aliwajibu, "ila kichwa kiwe cha chuma."

Leo karakana ilikuwa imefungwa. Juu ya meza ya kulia kulikuwa na kompyuta ya marehemu ndugu yake, Mwalimu. Ilikuwa ya zamani, ya wakati ule kompyuta ya nyumbani ilikuwa kibodi nene tu yenye kila kitu tumboni, mpaka uichomeke kwenye televisheni ndipo ipate uso. Mwalimu aliiokoa kwenye stoo ya shule alikofundisha hisabati, siku walipokuwa wanatupa makorokoro. Akaifundisha kazi moja: kulia saa za dawa za Mama, ambaye presha ya macho ilikuwa imemchukulia nuru yote.

Mashine ilikuwa na kilema kimoja. Haikujua saa. Umeme ukikatika na kurudi, iliamka imesahau kila kitu, ikasoma diski yake kwa kukoroma, kisha ikaandika kwenye televisheni: SAA NGAPI SASA? Na hapo ikasubiri. Mwalimu akirudi mchana kula, au jioni, aliikuta inauliza, akaijibu. Ndivyo walivyoishi, yeye na swali lake, miaka sita.

Mwalimu alikuwa amezikwa miezi mitatu sasa, na hakuna aliyekuwa nyumbani wa kujibu. Jumanne moja umeme ulikatika asubuhi, ukarudi, mashine ikauliza na kuuliza. Mama alikaa akisubiri mlio ambao haukuja. Mwishowe akapoteza hesabu ya saa, akameza dawa ya jioni mchana, na jioni ilipofika akaimeza tena. Ile ya jioni hushusha presha ya damu na kuleta usingizi. Msusi alirudi kutoka karakana akamkuta sakafuni kati ya kitanda na mlango, shavu limelalia kandambili.

Walilala hospitali siku mbili. Siku ya tatu kaka mkubwa alipiga simu.

"Nakuja kumchukua Mama."

"Kaka, Mama hataki kuhama hapa."

"Na mimi sitaki kumzika, mdogo wangu. Tumeshazika mmoja mwaka huu."

Kabla ya hapo alikuwa ameleta simu yenye kengele za kila aina. Ililia kwa dawa, ikalia kwa wapigaji, ikalia kwa matangazo, na kila mara mwanamke mmoja wa ndani yake alisema jambo kwa sauti ya karani. Mama aliifunika chini ya godoro. "Simjui," alisema. "Sijui ananitaka nini."

Ndipo Msusi alipokumbuka kifurushi. Kilikuwa kimefika wiki tatu baada ya mazishi, na mleta vifurushi alimtaka Mwalimu mwenyewe asaini.

"Yupo?"

"Hayupo."

"Anarudi saa ngapi?"

Msusi alisaini yeye. Ndani mlikuwa na kisponji cheusi kilichochomekwa chipu nane, kila moja na miguu kumi na sita, na bodi ndogo ya saketi yenye betri bapa kama kifungo cha koti. Alikiweka kabatini pamoja na mashati, kwa sababu hakujua pa kukiweka. Baada ya simu ya kaka mkubwa alikitoa, na pamoja nacho daftari la Mwalimu, lile la mwisho. Ukurasa uliohusika ulikuwa na kichwa cha habari kilichopigiwa mstari kwa rula: *Mashine isimsubiri mtu.*

Chini yake, hatua kwa hatua, kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia.

*1. Andika programu mpya.* Alama ya vema. *2. Haiingii! Kumbukumbu haitoshi. Agiza chipu nane, na saa yenye betri.* Vema. *3. Nakili programu kwenye diski mpya.* Vema. Kuanzia ya nne, hakuna vema.

Basi akampigia tena kaka yake. "Njoo Jumamosi. Mashine ikilia saa saba kamili, na Mama akameza dawa yake bila mtu kumwambia kitu, utarudi na begi lako tupu. Isipolia, nitamfungia nguo mwenyewe."

"Sawa," kaka mkubwa akasema. "Lakini usimnong'oneze."

Sasa alisoma hatua ya nne: *Fungua, skrubu nne. Ya nyuma kulia ni korofi.*

"Ungeniambia mapema," alililaumu daftari, akaweka vema kwa kalamu ileile nyekundu.

*5. Inua kibodi polepole. Mkanda wa waya usivutwe, umezeeka.* Aliinua kama anavyoinua kifuniko cha chungu cha moto, kwa pembe. Mkanda ulikuwa mwembamba, umekauka, rangi ya chai. Akauacha ulivyo, akaegemeza kibodi kwenye kopo la sukari. Ndani palikuwa pasafi kuliko alivyotarajia. Alizoea matumbo ya mota, vanishi iliyoungua na vumbi la unga wa vinu. Huku kulikuwa kama mtaa uliopangwa na mtu mwenye subira. Pembeni, soketi nane tupu mstari mmoja, zimengoja tangu kiwandani.

*6. Shika bomba kwanza.*

"Mama, Mwalimu anasema nishike bomba la maji kabla ya kugusa chipu. Eti mwilini mna umeme unaoziua."

"Wa kwako nauamini," Mama alisema. "Nenda kashike."

Akaenda jikoni, akashika bomba kwa mkono mzima, akajiona mjinga. Miaka ishirini alikuwa amezipiga mota nyundo na zikamshukuru. Alirudi akitembea kwa uangalifu kama aliyebeba maji.

Simu ikalia. Mteja wa kinu.

"Msusi, mota yangu?"

"Jumatatu."

"Si ulisema leo?"

"Leo nina kichwa kingine."

"Cha nani hicho kinanipita mimi?"

"Cha kaka yangu marehemu."

"Basi Jumatatu," yule mtu akasema. "Hata Jumanne."

*7. Chipu. Kikato kiangalie kushoto, zote nane, hata ikionekana kukubishia.* Kila chipu ilikuwa na kikato kidogo upande mmoja, kama alama ya kucha kwenye sabuni. Aliipanga ya kwanza juu ya soketi yake, akahakikisha miguu yote imeona mashimo, akakandamiza kwa vidole gumba viwili. Iliingia kwa sauti ya kuvunjika, na moyo wake ukavunjika nayo, lakini hakuna kilichovunjika. Ya pili. Ya tatu. Kufikia ya nane vidole vilikuwa vimeshika mwendo wake, na jasho lilikuwa limefika kwenye nyusi.

*8. Bodi ya saa. Waya nne. Usitumie kile chuma chako kinene, utachoma kila kitu.*

Msusi aliusoma mstari huo mara mbili. Chuma chake kinene. Mwalimu hakuwa na chuma cha kuchomelea risasi. Alikuwa akiazima cha Msusi. Labda alijisemea mwenyewe, kuhusu chuma cha kuazima. Labda. Kilikuwa na ncha kama kidole gumba, cha kuunganishia waya wa mota. Alikata kipande cha shaba nene, akakizungusha kwenye ncha ile mizunguko mitano iliyobanana, akaacha mkia mrefu wa nusu kidole, akauchonga kwa tupa mpaka ukawa kama ncha ya penseli. Chuma kinene kikawa chembamba. Hilo halikuwamo daftarini. Hilo lilikuwa lake.

Waya mwekundu, mweusi, wa manjano, wa bluu. Risasi iliyeyuka, ikang'aa, ikatulia. Kila kiungo kilikuwa tone dogo laini. Alizivuta waya moja moja kujaribu, kama anavyojaribu koili. Hazikutikisika.

*9. Washa.*

"Mama, nawasha."

"Washa. Mimi nimeziba masikio, lakini nakusikia."

Televisheni ikajaa miraba ya rangi inayotetemeka, kiraka juu ya kiraka, bila herufi hata moja. Alizima haraka. Saa nne na robo.

"Kimya cha namna gani hicho?" Mama aliuliza.

"Cha kufikiri."

"Basi fikiri kwa sauti, nisiogope."

"Rangi zimekuja, maneno hayajaja. Ina maana inaamka, lakini kuna kitu haikikumbuki. Saketi ya saa haihusiki na hilo. Basi ni chipu mojawapo." Alichukua lenzi yake ya kuhesabia nyuzi za shaba, akapita soketi moja baada ya nyingine, kila mguu. Kwenye chipu ya tano, upande wa ndani, mguu mmoja haukuingia. Ulikuwa umejikunja chini ya tumbo la chipu, kama mtu aliyeukalia mguu wake.

Akashika bomba. Akaing'oa chipu kwa bisibisi bapa, mnyanyuo huku, mnyanyuo kule. Shaba anaijua, na madini mengine hayako mbali nayo: ukikunja na kukunjua yanachoka, na ya wembamba huu yana safari moja tu. Alichukua sindano yake ya kutenganishia nyuzi, akaipitisha chini ya mguu ule, akaunyoosha kwa mvuto mmoja mrefu usiosita. Hakupumua. Mguu ukasimama. Akairudisha chipu mahali pake.

Safari hii mashine ilipowashwa, sanduku la diski lilikoroma kwa muda mrefu kuliko zamani. Kisha, herufi nyeupe:

NIAMBIE SAA. MARA HII TU.

Msusi alibaki ameshika ukingo wa meza. Mara hii tu.

"Inasemaje?" Mama aliuliza.

"Inaomba saa."

"Kama kawaida."

"Hapana, Mama. Si kama kawaida."

*10. Weka saa, kuanzia 0 mpaka 23. Milio: 1, 7, 13. Ukikosea, bonyeza S.* Hapo ukurasa ulikwisha. Saba na kumi na tatu aliziona sawasawa. Simu huandika 7 ikawa saa moja asubuhi, huandika 13 ikawa saa saba mchana. Jicho husoma namba moja na mdomo husema nyingine, na hakuna anayejiuliza. Ile 1 tu ndiyo haikukaa vizuri. Dawa ya jioni ilipaswa kuwa 19. Alidhani kalamu ya Mwalimu iliteleza, kwani alikuwa tayari mgonjwa. Ataitazama jioni. Akatazama simu, akaandika 10:41, akabonyeza.

Saa ikaonekana kwenye kona ya televisheni, sekunde zikaanza kuhesabu.

Kaka mkubwa aligonga saa sita kasoro. Alikuwa mtu mpana mwenye sauti ya kubembeleza milango, na begi lake lilikuwa tupu kabisa. Liliposhushwa sakafuni lilijikunja.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Umekonda."

"Mama, hunioni."

"Umekaa na kiti hakijalia."

Akacheka bila kutaka, akamgeukia dada yake. "Na wewe, Msusi, nywele za kompyuta zimekolea?"

"Utaona saa saba."

Walikula. Kaka mkubwa hakugombana. Alieleza tu, taratibu, kwamba kwake kuna mtu nyumbani mchana kutwa, kwamba kuna chumba, kwamba mlango wake ni mpana. "Nikipigiwa simu kwamba ameanguka tena, mimi niko mbali mwendo wa nusu siku. Nitafika kufanya nini? Kuhesabu watu wa msiba?"

"Nasikia," Mama alisema. "Mimi ni kipofu, si kiziwi."

"Ndiyo maana nasema mbele yako, Mama."

"Na mimi nakujibu mbele yako. Humu ndani najua kila pembe inaponigonga. Kwako nitaanza kugongwa upya."

Kwenye rafu karibu na kiti chake kulikuwa na vichupa vitatu. Msusi alikuwa amevivisha shingoni waya wa shaba: cha asubuhi mzunguko mmoja, cha mchana miwili, cha jioni mitatu. Zilibaki dakika mbili kufika saa saba. Kaka mkubwa alikuwa ameinua mkono, saa yake mbele ya macho. Msusi alikuwa akimtazama Mama.

Mashine ikalia.

Haukuwa ule mlio wa zamani, tii moja kama ya mlango wa friji. Ulikuwa wimbo, mwembamba na wa bati, lakini wimbo: noti zikishuka taratibu, moja ikivutwa, mbili zikiporomoka, kama mtu anayeteremka ngazi akiwa amechoka. Msusi alijua mluzi ule kabla hajajua kwamba anaujua. Kumbe hicho ndicho kilichokuwa hakiingii kwenye kumbukumbu ya mashine.

"Saa saba kamili," kaka mkubwa alisema kwa sauti ya chini, akashusha mkono. Macho yake yalikuwa yameloa. "Haya, nimekubali. Imelia."

Mama alikuwa amesimama. Mkono wake ulikwenda kwenye rafu, ukapita kichupa cha kwanza, ukapita cha pili, ukagusa cha tatu. Ukakaa hapo. Vidole vilihesabu shaba: moja, mbili, tatu. Msusi alifungua mdomo, akakumbuka sharti, akaufunga.

Mama hakukifungua kichupa. Aliinua uso kuelekea dirishani, akaugeuza huku na huku kidogo, kama anayenusa.

"Kwa nini anarudi sasa hivi?" akauliza.

"Nani, Mama?"

"Mwalimu. Huu mluzi ni wa jioni, wa kurudi. Mchana alikuwa anakuja na mwingine, wa haraka haraka." Akautoa mkono kwenye kichupa. "Na jua liko kichwani, nalisikia. Jioni haijafika. Mimi simezi kitu."

Kaka mkubwa alimtazama dada yake. Televisheni, ambayo hakuna aliyekuwa ameitazama, ilikuwa imeandika neno moja kubwa: JIONI.

"Umeona sasa?" alisema, bila ukali, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nilikuwa naogopa hili hili. Dawa ileile iliyomwangusha."

Msusi alikuwa ameshafika kwenye daftari, kidole juu ya mstari wa kumi. "Moja, saba, kumi na tatu," alisoma. "Moja, saba, kumi na tatu. Nimeweka saa ya simu. Kumi na tatu ya simu ni sasa. Yeye anasema kumi na tatu ni jioni."

"Basi alikosea."

"Mwalimu? Kwenye hesabu?"

"Soma tena," Mama alisema.

"Moja, saba, kumi na tatu."

"Si ndiyo saa za dawa hizo? Saa moja. Saa saba. Halafu..." Mama alisita, akacheka ghafla, kicheko ambacho nyumba ile haikukisikia kwa miezi mitatu. "Halafu kumi na mbili na moja juu yake! Saa moja ya jioni! Nyie watoto, mwenzenu alihesabu tangu kunakucha. Kwani saa nyingine zinaanzia wapi?"

Msusi alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu. Hiyo moja haikuteleza. Ilikuwa imekaa mahali pake tangu mwanzo, saa moja asubuhi kama inavyotamkwa na kila mtu katika nyumba hii. Ni yeye aliyeileta namba ya simu ndani ya kichwa cha mtu ambaye hakuwahi kuitumia.

"Kwa hiyo," kaka mkubwa alisema polepole, "hii mashine inajua Kiswahili kuliko sisi wawili."

"Kuliko wewe," Msusi alisema. Akabonyeza S. Akaandika 6:59.

Walisubiri dakika moja wote watatu wakiwa wamesimama. Mluzi wa mchana ulikuja kwa kasi, noti zikifukuzana, na katikati ukakatika kabisa, pengo la pumzi moja, kisha ukaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Mtaro!" kaka mkubwa alipaza sauti. "Hapo anaruka mtaro!"

Kwa kuwa mchana Mwalimu alikuwa na haraka, hakuzunguka kwenye ubao wa kuvukia. Aliruka mtaro wa mbele ya nyumba, na mluzi ukaruka naye. Hata hilo alikuwa ameliandika, noti kwa noti, na pengo lake.

Mama alishika kichupa cha mizunguko miwili. Akafungua, akatikisa kidonge kimoja kiganjani, akakipapasa kuhakikisha ni kimoja, akameza kwa maji ya kikombe alichokuwa amekiweka mwenyewe tangu asubuhi. Akafunga kichupa. Akakirudisha kati ya wenzake. Hakuna aliyemwambia kitu.

Msusi aliisahihisha saa sawasawa, 7:14, tangu kunakucha.

Kaka mkubwa alisimama muda mrefu akiitazama mashine. Kisha akaenda ukutani. "Lililomwangusha Mama halikuwa mlio," alisema. "Ulikuwa umeme." Akazima swichi.

Televisheni ikafa. Sekunde zikafa kwenye kona yake. Alihesabu kwa midomo mpaka thelathini, kama aliyezamia maji, akawasha. Sanduku la diski likakoroma. Msusi, bila kujua, alikuwa ameshanyanyuka nusu kutoka kitini, mkono mmoja ukielekea kwenye kibodi, kwenda kuijibu.

Mashine haikuuliza. 7:17, iliandika, na sekunde zikaendelea na safari yao.

Akarudi kukaa taratibu. Mkono ukabaki mapajani hauna kazi.

"Tuiwekee vema basi," kaka mkubwa alisema, akachukua kalamu nyekundu na kulivuta daftari. Aliweka vema kwenye ya kumi. Kisha, kwa mazoea ya mtu asiyeamini ukurasa mpaka ageuze, akageuza. Juu kabisa ya ukurasa wa pili palikuwa na mstari mmoja.

Alisoma kimya. Akasoma tena, kwa sauti. "'Kumi na moja. Mwachieni.'"

Msusi alikuja akasimama begani kwake. Hatua zote kumi Mwalimu alikuwa akisema na mtu mmoja: fungua, shika, washa. Msusi aliweka kidole kwenye silabi ya mwisho ya neno lile, ile "ni" ya kuambiwa zaidi ya mmoja, akakiacha hapo.

"Ameandika lini?" kaka mkubwa aliuliza.

Tarehe ilikuwa pembeni, imepigiwa mstari kwa rula. Ilikuwa siku moja baada ya majibu ya hospitali, yale Mwalimu aliyorudi nayo na kusema ni vidonda vya tumbo.

"Mnanong'ona nini?" Mama aliuliza.

"Hatunong'oni, Mama," kaka mkubwa alisema. Akaweka kalamu chini. Mstari ule hakuuwekea vema. "Tunasoma."

Alikuwa aondoke saa tisa. Saa tisa ilipita akiwa anafunga skrubu, ya nyuma kulia ikimsumbua, Msusi akimcheka. Saa kumi na moja ilipita wakinywa chai. Begi lilibaki pale lilipojikunja, na kila aliyepita alilizunguka.

Jua liliposhuka kwenye ukingo wa dirisha, kona ya televisheni ilisoma 12:50. Mama alisimama. Hakupapasa ukuta, alikwenda moja kwa moja, hatua saba, mpaka mlangoni, akaondoa komeo kama alivyokuwa akifanya kila jioni kwa miaka yote ile ili anayerudi asigonge. Akausukuma mlango ukawa wazi. Kisha akarudi kwenye kiti chake, akakiweka kichupa cha mizunguko mitatu mapajani, akakifunika kwa viganja vyote viwili.

Nje, juu ya ubao wa mtaro, mwanga wa mwisho ulikuwa bado umelala.